Neno Kwenye Kadi ya Mwalimu

Jumatatu, 7 Oktoba

Kalekye, nesi wa zahanati yetu hapa Kalama, amenipa daftari hili la kurasa themanini na amri moja: niandike kila siku Mwalimu amekula nini, kiasi gani, na saa ngapi. "Usiniletee maneno ya 'anakula vizuri,'" akasema. "Andika sahani kwa sahani." Nimekubali. Lakini chakula cha mtu mmoja hakijazi hata nusu ukurasa, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mwalimu ni baba mkwe wangu, Reuben Kiema. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na nusu ya watu wazima wa huku walipita mikononi mwake, Kalekye akiwa mmoja wao. Mama mkwe wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mume wangu Muema anafanya kazi Athi River na huja nyumbani Jumamosi, kwa hiyo siku nyingi tuko watatu tu: Mwalimu, mimi, na binti yetu Nzembi wa miaka kumi na mmoja.

Tangu mwezi wa sita Mwalimu anakonda. Ni mtu mrefu, lazima ainame kupita mlangoni, na leo mizani imesema kilo arobaini na sita. Kalekye aliandika neno la Kiingereza kwenye kadi yake. Mwalimu akaichukua kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma.

"Kalekye."

"Naam, Mwalimu."

"Emaciated haina n hapo katikati. Hiyo n umeitoa kwa emancipated, na hilo ni neno la watumwa waliopewa uhuru."

"Niliandika haraka, Mwalimu."

"Andika polepole. Ni mimi unayeniandika."

Kalekye akakata neno, akaliandika upya, ulimi ukiwa nje kidogo kama msichana wa darasa la sita. Mimi nikageukia ukutani nisionekane nikicheka.

Chakula: uji wa wimbi, bakuli moja. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe, sahani iliyojaa, akaongeza nusu. Chai na viazi vitamu viwili. Ugali, sukuma wiki, mayai mawili.

Jumanne, 8 Oktoba

Uji bakuli moja na nusu. Mahindi na maharagwe, sahani mbili. Ndizi nne. Ugali na kunde za kukausha. Hakuacha kitu. Jua kali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kama juzi. Anakula kumshinda Muema. Chai ilimwagika kwenye kisahani, mikono yake inatetemeka. Mawingu yalifika juu ya kilima, yakarudi yalikotoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kilo arobaini na tano na nusu. Mizani iliposema hivyo, Kalekye hakuitazama mizani. Alinitazama mimi. Ndipo nikaelewa daftari hili ni la nini. Watu wanadhani simlishi.

Jumatano, 16 Oktoba

Uji. Muthokoi. Viazi. Ugali. Maziwa ya mgando vikombe viwili. Naandika kwa hasira leo, mwandiko mbaya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimezungumza na Mwalimu, uso kwa uso, na sijui kama nimefurahi au nimeumia.

Sisi Wakamba mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali. Sikai karibu naye, simwangalii machoni sana, na chakula chake humpelekea Nzembi. Kwa miaka kumi na minne maneno yetu mengi yamepita kwa mtu wa tatu. Kwanza yalipita kwa mama mkwe, sasa yanapita kwa Nzembi. Lakini leo Nzembi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na Muema hajafika, na mzee ameketi barazani na njaa yake. Nikampelekea sahani mwenyewe, nikaiweka kwenye stuli, nikasimama kando. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikauliza:

"Baba, lile neno la Kalekye maana yake ni nini? Ni kukonda tu?"

Akaweka kijiko chini. Uso wake ukabadilika kabisa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati.

"La. Si kukonda tu. Sikiliza. Slim ni sifa. Ukimwambia mtu ni slim, anasema asante. Thin ni maelezo, halina ubaya wala uzuri. Skinny ni la watoto uwanjani, lina kejeli ndani yake. Lakini emaciated si la umbo. Hakuna anayezaliwa hivyo akawa ndivyo alivyo. Ni neno la mtu aliyekuwa na mwili wake, kisha kitu kikaja kikaula. Ng'ombe wa kiangazi. Mfungwa. Mgonjwa. Hulitumii kumsifu mtu wala kumtania. Ukilitamka, anayekusikia atauliza swali moja: amekondeshwa na nini?"

"Na wewe, Baba, ni nini?"

Akatazama kilimani. "Hapo ndipo sentensi yangu ilipokwama."

Halafu akasema, "Tunga sentensi."

Jamani. Mara ya mwisho kuambiwa nitunge sentensi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikajikaza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ng'ombe amekuwa emaciated kwa sababu ya njaa.

"Ng'ombe yupi?"

"Wa Ndolo," nikasema. Ndolo ni jirani yetu wa upande wa chini.

Mwalimu akacheka. Kicheko chake kililia kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta, lakini kilikuwa kicheko, na sijakisikia tangu tumzike mama. Nikacheka na mimi. Kisha akachukua kijiko chake, akasema, "Si mbaya, kwa mtu wa darasa la nane."

Nikarudi jikoni.

Sasa niandike yote, maana Kalekye atasoma mistari ya chakula tu. Siku Muema aliponileta hapa mara ya kwanza nilikuwa nauza nyanya sokoni Machakos. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Mwalimu alinisalimia, akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia. Akauliza mbele ya wote, "Na nevertheless ni nini?" Sikujua wakati ule kwamba ni 'hata hivyo' tu. Watu wakatazama chini. Mama mkwe akasema chai imeiva, na haikuwa imeiva. Nilimchukia Mwalimu siku ile, na nilimchukia miaka mingi baadaye, kimyakimya, huku nikimpikia. Mungu anisamehe. Hata alipoanza kukonda kuna siku nilijisemea: ahaa, hata wewe kuna kitu kimekushinda.

Lakini leo amecheka kwa sentensi yangu.

Chakula: kila kitu, na ndizi tatu za ziada.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kilo arobaini na tano.

Jumapili, 27 Oktoba

MVUA! Imeanza tukiwa kanisani wakati wa matangazo. Mchungaji alikuwa anasoma orodha ya wanaokarabati choo, mabati yakaanza kulia, hakuna aliyesikia neno tena, naye akafunga kitabu akacheka. Tulirudi nyumbani tumelowa mpaka mifupa. Muema na mimi tumebeba viatu mkononi, Nzembi anateleza makusudi. Masika imeanza vizuri mwaka huu.

Mwalimu hakuweza kuja kanisani. Tulimkuta amefungua madirisha yote mawili, baridi imejaa nyumba, yeye amevaa fulana, anasema kuna joto. Moyo unamwenda mbio, anausikia mpaka masikioni.

Chakula: uji, wali na ndengu sahani mbili, chai, ugali na kuku. Shingo ya kuku aliimaliza yeye.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kilo arobaini na nne. Tumepanda mahindi, maharagwe na kunde, mimi na Muema aliyeomba ruhusa kazini. Mgongo si wangu tena.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Uji. Muthokoi. Ugali. Dirisha wazi tena.

Jumamosi, 2 Novemba

Mukai amekuja kutoka Nairobi. Ni dada yake Muema, mkubwa kwake, hakuwa amemwona baba yake tangu Pasaka. Alishuka kwenye gari akiita "Baba! Baba!" kwa furaha, halafu akamwona amesimama barazani, ameshika nguzo. Akamshika mikono, akaigeuza, akaiangalia kama anatafuta kitu kilichopotea.

Kisha akaja jikoni. Alifunua sufuria moja, akafunua ya pili. Akafungua kabati, akaangalia unga.

"Mama Nzembi, baba yangu mnampa nini?"

"Chakula, dada. Anakula vizuri."

"Anakula vizuri? Ule mtu? Mimi niko na macho. My father is emaciated! Watu wa kanisa wamenipigia simu, nikafikiri wanaongeza chumvi. Kumbe wanapunguza."

Muema akasema, "Mukai, taratibu. Ndanu huyu anampikia mara nne kwa siku."

"Basi hicho chakula kinaenda wapi? Kinapitia dirishani?"

Nilijua sasa lile neno linauliza nini, Mwalimu alinifundisha mwenyewe. Linauliza ni nini kimemla. Na Mukai alikuwa amelijibu tayari, jibu limesimama mbele yake limevaa leso.

Mwalimu alikuwa barazani, alisikia yote. Nilingoja aseme kitu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba amechoka, akaenda kulala saa nane mchana.

Mukai amesema baada ya wiki mbili atakuja kumchukua, apende asipende.

Chakula: sijali. Ugali. Alikula wote.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilipalilia bustani ya sukuma wiki ambayo haikuhitaji kupaliliwa.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda zahanati na Mwalimu nikiwa nimeamua. Mizani ikasema arobaini na tatu. Kabla Kalekye hajanitazama kwa yale macho yake, nikaliweka daftari mezani.

"Ulisema niandike sahani kwa sahani. Soma. Ukimaliza uniambie kama ni mimi."

Alianza kusoma haraka, akifuata mistari ya chakula kwa kalamu. Halafu akaanza kusoma polepole. Akarudi nyuma. Nikaona kalamu imesimama kwenye neno "yanatetemeka" au "inatetemeka", sikumbuki nililiandikaje. Akafunua mbele, akasimama kwenye dirisha.

"Hii ya kufungua dirisha wakati wa mvua, ni mara mbili tu?"

"Ni kila siku. Nilichoka kuandika."

"Na anakula hivi hivi? Sahani mbili?"

"Mbili, wakati mwingine na nusu."

Kalekye akainuka. "Mwalimu, naomba unyooshe shingo. Kunywa maji haya, umeze polepole." Akaitazama shingo yake akimeza, mara ya kwanza, mara ya pili. Akagusa kwa vidole viwili. Akamshika mkono, akahesabu mapigo akitazama saa ya ukutani, midomo ikienda.

Akaketi. Aliponiangalia, macho yalikuwa mengine.

"Mama Nzembi, mtu anayenyimwa chakula hakondi hivi. Huyu anakula na mwili unachoma kila kitu, kama jiko lililofunguliwa mlango. Nafikiri ni tezi ya shingoni. Sina uhakika mpaka damu ipimwe. Nendeni hospitali ya mjini, nawaandikia barua sasa hivi." Akachukua kalamu, akasita. "Nisamehe. Ningekuuliza hayo mengine mwezi uliopita. Mimi nilikuuliza chakula peke yake."

Mwalimu akasema, "Andika polepole."

Wote watatu tulicheka, na mimi nilikuwa nalia pia, nikajipangusa kwa leso yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mjini. Wamemtoa damu, majibu wiki ijayo. Tukapumzika kwenye kibanda cha Kabura, mwenzangu wa zamani wa sokoni, yeye ni Mkikuyu wa Yatta na tuliuza pamoja miaka sita. Alipomwona Mwalimu hakushtuka wala kuuliza. Alisema tu, "Mzee, karibu kiti," akamkatia parachichi, akamnyunyizia chumvi. Mwalimu alikula matatu. Kabura akanong'ona, "Huyu ndiye yule wa nevertheless?" Nikamkanyaga mguu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mahindi yameota, yote, mstari kwa mstari. Kunde zimechanua majani mawili mawili. Nimesimama shambani bila sababu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nina furaha mpaka mkono unakataa kuandika vizuri.

Ni tezi! Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, alituonyesha karatasi. Tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, inauamuru mwili uchome kila kinachoingia. Ndiyo maana ya joto, ya moyo, ya mikono. Si kansa. Si kurogwa, kama alivyosema yule mama wa kinu cha kusaga. Si mimi! Ana vidonge vya aina mbili. Itachukua miezi mingi, damu ipimwe tena na tena, lakini daktari alisema, "Mzee atarudi."

Mwalimu alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Mwishoni aliuliza jambo moja. "Daktari, je, kuna aliyenisababishia?"

"Hapana, Mzee. Hutokea tu."

"Naomba uandike hivyo kwa mkono wako. Nina binti Nairobi anayehitaji kusoma."

Daktari akaandika. Mwalimu akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Tulipitia kwa Kabura tena, akanijaza maparachichi mikono yote miwili, akakataa kusikia habari ya malipo. Mwalimu akanibebea daftari.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwalimu hasemi. Amekula, amemeza vidonge, lakini hasemi. Nimetafuta daftari asubuhi nzima nikalikuta kwenye meza yake, miwani iko juu yake. Amelisoma. Amesoma kila kitu. Amesoma ya tarehe 19.

Nataka ardhi inimeze.

Jumamosi, 16 Novemba (haya yameandikwa na R. Kiema)

Mama Nzembi alinipa daftari hili nilibebe. Nililisoma bila ruhusa. Hilo ni kosa la kwanza, na ninaliomba radhi kabla ya mengine.

Uliyoyaandika kuhusu siku ile ya wageni ni kweli. Nilikuuliza neno nikijua hulijui. Nilikuwa na hasira na mwanangu kwa kutonishirikisha alipochagua mke, nikaitua kwako kwa kuwa ndiye uliyekuwa mgeni. Marehemu mke wangu alinikemea wiki nzima. Sikukuomba radhi, kisha mwaka ukapita, na ikawa vigumu zaidi kila mwaka. Umekaa nami miaka kumi na minne bila kunijibu vibaya. Nilidhani ni kwa sababu huna la kusema. Sasa nimezisoma kurasa hizi na naona ulikuwa nalo tele.

Mukai aliposema yale jikoni, nilinyamaza. Nilijiambia sina nguvu. Nguvu za kusema sentensi moja nilikuwa nazo. Nimempigia simu leo asubuhi, nimeisema.

Nina masahihisho mawili. Mvua hii ni ya vuli, si masika. Na ulipokifananisha kicheko changu na bawaba sikupata kosa, ila nimeumia kidogo.

Kuanzia leo niite kwenye chakula wewe mwenyewe. Nzembi ana masomo yake.

Jumamosi, 16 Novemba, jioni

Nimeyasoma mara tatu. Nimepika chapati. Amekula sita.

Jumapili, 17 Novemba

Mukai alifika kabla hatujatoka kwenda kanisani. Alisimama mlangoni pa jikoni, hakuingia. Akasema, "Ndanu, nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa." Nikamwambia aingie, moshi ni wa wote. Ameingia, ameketi kwenye kigoda, amelia, nikampa vitunguu akate ili awe na kisingizio.

Jumatatu, 18 Novemba

Arobaini na tatu. Haijapanda. Lakini haijashuka! Kalekye alipiga makofi.

Jumatano, 20 Novemba

Usiku alijifunika blanketi. Asubuhi alinitangazia hivyo kwa heshima kubwa: "Nilihisi baridi."

Jumatatu, 2 Desemba

Kilo arobaini na tano. Kunde zimeiva majani, nimepika mboga za kwanza za mvua, laini kama hariri. Mwalimu sasa hukaa mlangoni pa jikoni nikipika. Mwanzoni sikujua niweke wapi macho. Wazee wengine wakimwona watasema. Amesema waseme, wakimaliza watakaribishwa uji. Ananisomea gazeti la kufungia nyama na kuniuliza maneno. Leo nimetunga sentensi nne, moja ameniambia ningeweza kuiuza.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nimeogopa bure. Mchana alibakiza ugali nusu sahani. Mwalimu, kubakiza! Nikaacha vyombo, nikakimbia mpaka zahanati na sahani yenyewe imefunikwa kwa kitambaa. Kalekye akaifunua, akaangalia ule ugali, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Nzembi, hizo ni dawa zinafanya kazi. Lile jiko la ndani limefungwa mlango. Sasa anakula kama mzee wa kawaida."

Nilirudi polepole, na sahani yangu. Nikamwambia Mwalimu. Akasema, "Kwa hiyo umeutembeza ugali wangu mpaka zahanati?" Kicheko chake siku hizi hakilii kama bawaba. Au nimekizoea.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nzembi, mdomo wake hauna kifuniko, alimwambia Ndolo ile sentensi yangu ya ng'ombe. Leo Ndolo amekuja, amevaa koti, anamvuta ng'ombe wake kwa kamba mpaka uani kwetu.

"Mwalimu, nasikia hapa ng'ombe yangu imetukanwa kwa Kiingereza."

Niliingia ndani nikajificha nyuma ya pazia. Mwalimu akainuka. Akamzunguka ng'ombe mara moja, mikono nyuma, akimkagua mbavu. Majani mapya yamemfaa, ngozi inang'aa.

"Lile neno lilikuwa la Oktoba," akasema. "Leo huyu ni thin tu. Akiendelea hivi, Februari tutamwita slim."

"Na hiyo slim ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Atasema asante."

Ndolo akafurahi, akakaa mpaka jioni, akanywa chai vikombe vitatu. Kesho ataleta maziwa, amesema.

Jumatatu, 16 Desemba

Arobaini na saba na nusu. Amerudisha mshipi tundu moja nyuma. Ameita kila mtu aje aone tundu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Watu ishirini na wawili. Mbuzi mmoja. Mukai alipika pilau chini ya usimamizi wangu na hakubisha. Muema alicheza na mama yangu. Mwalimu alisoma somo kanisani, amesimama bila fimbo, na karatasi haikutetemeka mkononi mwake. Niliitazama ile karatasi tu, sikusikia somo.

Nimechoka vizuri.

Jumatatu, 30 Desemba

Hamsini!

Jumatatu, 6 Januari

Kilo hamsini na moja. Kalekye aliandika kwenye kadi neno jipya, polepole, akijua anatazamwa. Underweight. Mwalimu alilikagua herufi kwa herufi.

"Hili ni neno la ofisini," akasema. "Halina moyo. Linasema mizani inataka zaidi, basi. Lakini nimepanda cheo."

Jumamosi, 11 Januari

Mahindi mabichi yameiva, na tumbili wamejua kabla yetu.

Nilikuwa kisimani chini na Muema wakati niliposikia kelele. Nikatazama juu. Shamba letu limekatwa kwa matuta, ngazi kwa ngazi, kutoka nyumbani mpaka bondeni, na kila tuta ukingo wake ni kama kimo cha goti au kuzidi. Tumbili kama kumi walikuwa tuta la pili, kila mmoja na hindi lake. Na juu yao, akitokea uani, shati nje ya suruali, alikuwa Mwalimu.

Alikuwa anakimbia.

Sijawahi kumwona akikimbia, hata alipokuwa na afya. Alikimbia kama korongo, magoti juu, mikono imefunguka, akipiga kelele kwa Kiingereza, "Out! Out, all of you! At once!" Nzembi alikuwa nyuma yake akipiga sufuria. Tumbili wakatawanyika. Mmoja alikaa, akamtazama, akatafuna. Mwalimu akaruka ukingo, akatua kwenye mahindi, akaruka mwingine, kisha wa tatu. Yule tumbili akatupa hindi, akapotelea kwenye miti.

"Baba!" Muema akapiga kelele. "Baba, moyo!"

Niliacha ndoo ikaviringika. Nilipanda mbio, Muema mbele yangu. Tulimkuta amesimama chini ya shamba, mkono kifuani, anahema, majani ya mahindi yamemkaa kichwani. Nikamshika mkono bila kufikiri habari ya heshima. Mkono ulikuwa imara. Una nyama.

"Baba, unaumwa? Keti. Keti hapa."

"Ndanu," akasema. Hajawahi kuniita kwa jina langu. "Umeniona?"

"Nimekuona, Baba."

"Niliruka matuta mangapi?"

"Matatu."

Akatikisa kichwa, bado anahema, macho yanang'aa kama ya Nzembi.

"Manne," akasema. "La mwisho hukuliona. Ulikuwa umefunika macho."